Mkate wa Nyanya wa Mwanasiti

Nyumba za serikali hugawiwa kwa kufuata cheo, na cheo peke yake. Haya yalitangazwa mwanzoni mwa mwaka 1971 katika waraka uliobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa idara moja katikati ya jiji la Nairobi, orofa ya chini, mahali ambapo kila mtu alilazimika kupita akienda kunywa chai. Waraka ulieleza kwamba kabila halitatazamwa, wala dini, wala undugu, wala urafiki, wala wingi wa watoto. Na kwamba mtumishi aliyemo katika nyumba isiyolingana na cheo chake ataondoka yeye na vyombo vyake mwisho wa mwezi, bila ya kukumbushwa. Uliandikwa kwa Kiingereza ukatafsiriwa kwa Kiswahili, na katika lugha zote mbili haukuacha mlango wazi. Watu waliusoma wamefunga mikono nyuma, kama wasomavyo matangazo ya vifo.

Mwanasiti hakuusoma. Aliusikia kwa mumewe, Athman, walipokuwa wakila, na aliuliza jambo moja tu.

"Sisi tumo?"

"Tumo," akasema Athman.

Athman alikuwa karani wa masijala, yaani chumba cha mafaili, na kwa wakati ule alikuwa kaimu mkuu wake, kwa kuwa mkuu mwenyewe, Mgoa mmoja mpole, alikuwa amefunga mizigo akahamia kwa wanawe Uingereza. Mtu akiwa kaimu hupewa kazi yote na heshima nusu. Lakini cheo cha mkuu wa masijala kilikuwa na nyumba yake Kileleshwa, na kwa kuwa nyumba haiwezi kukaa nusu, Athman alipewa nzima, kwa muda. Sasa baraza la usaili lilikuwa likutane kumchagua mkuu wa kudumu. Waliotaka kazi walikuwa wawili: Athman, na mwenzake wa meza ya pili, Nzula, bwana mtaratibu kutoka Machakos aliyekuwa akikaa Ngara na aliyejisomea utunzaji wa kumbukumbu kwa njia ya posta.

Mwanasiti alizaliwa Lamu, akaolewa akaletwa Nairobi, na maisha yake ya Nairobi aliyaanzia hiyo hiyo Ngara, vyumba viwili juu ya duka la vitambaa la jumla. Jiko lilikuwa la ushirika, mwisho wa ujia. Kila mke alijua mwenziwe amepika nini, na aliyepika maharage Jumatatu na Jumanne aliulizwa Jumatano kama bwana amesafiri. Mwanasiti aliishi hivyo bila ya kulalamika, kwa sababu hakuwa amejua kwamba kuna namna nyingine. Kileleshwa ndiko kulikomharibu. Nyumba ilikuwa ya vigae, na ndani ya jiko mlikuwa na bomba, dirisha, na mlango unaofungwa. Siku ya kwanza aliufunga, akasimama ndani peke yake na sufuria zake. Athman alipomwuliza anafanya nini alisema hafanyi kitu.

Nje ya mlango wa nyuma alipanda miti ya kwao kwenye madebe ya mafuta. Asumini ilikataa baridi. Rihani ikakubali, ikafanya kichaka.

Mamake Athman, Bi Mgeni, alikuja kutoka Lamu kuitazama nyumba, na bado alikuwa akiitazama.

Basi kulikuwa na bwana mmoja aitwaye Gerishon Mungai, naibu mkurugenzi wa idara, mzee wa kanisa, mwenye nyumba ya mawe na shamba lake Kinoo. Yeye ndiye aliyetia saini ule waraka, na yeye alikuwa mmoja wa wajumbe wa baraza la usaili. Serikali iliwahi kumpeleka Roma kwa masomo ya kilimo. Alirudi na koti zito ambalo Kinoo lilimfaa mwezi wa Julai, na hadithi moja, ya mkate. Mkate ule, alisema, walikuwa wakiuchoma, wakaupaka kitunguu saumu, wakaumwagia nyanya mbichi na mafuta, na tangu aondoke Roma hajauonja tena. Mkewe, Nyakio, alijaribu kwa siagi ya kopo. Bwana Mungai alikula kwa adabu, akaendelea kusimulia.

Siku moja alikuwa akiisimulia tena katika ujia wa ofisi, na Athman, mtu ambaye hakujulikana kwa kujisifu, akasikika akisema, "Mke wangu huutengeneza huo."

Bwana Mungai akamtazama kama atazamavyo mtu aliyeambiwa kwamba nduguye aliyepotea yuko Kileleshwa.

"Jumamosi mimi na mama tutakuja," akasema.

Athman alipofika nyumbani aliifikisha habari hii kwa sauti ndogo.

"Umesema nini?" akauliza Mwanasiti.

"Nimesema wajua."

"Najua kwa kuona. Sharif alinifanyia mara moja, nikala. Paka naye hulala msikitini kila siku, umemsikia akiadhini?"

Sharif ni kakake Mwanasiti. Alikuwa mpishi wa Wataliano waliokuja kurusha vyombo vyao angani kutoka Ngomeni, kaskazini ya Malindi. Yeye mkate ule aliuita brusketa, na alipokuja likizo alimwonyesha dadake, kwa kuwa mpishi hana hadithi nyingine za safari.

"Basi fanya kama ulivyoona," akasema Athman. "Huyu ni mjumbe wa baraza."

"Waraka si umesema urafiki hautatazamwa?"

"Umesema hautatazamwa. Haukusema hautakula."

Mwanasiti akalitazama jiko lake, bomba, dirisha na mlango wake, akaona kwamba mume amekosea kusema lakini hakukosea mtu wa kumwambia. Kurudi Ngara kulikuwa ni kurudi mwisho wa ujia.

Alianza na mkate. Mkate wa Nairobi ni mwororo, unaukata kwa macho, na jaribio la kwanza, Alhamisi, lilikuwa la aibu: nyanya zilipotua juu yake ulilala chini kama mgonjwa. Akakumbuka kwamba Ngara, kwa Myemeni mmoja karibu na soko, huokwa boflo, ule mkate mrefu wa ganda gumu wanaoupenda watu wa pwani. Akaagiza, na ulipofika akauacha ulale usiku mzima, ukakauka vizuri. Aliukata kwa mshazari, kila kipande unene wa kidole gumba. Kuchoma, aliacha jiko la umeme la serikali, akatoa seredani yake nje, akaweka mkaa na waya wa mishikaki. Sharif alisema mkate uchomwe kwa moto unaouona; na ukiwa bado wa moto, kitunguu saumu kibichi uusugue juu ya ganda lake, nalo ganda litakila kitunguu lenyewe kama mbuzi wa kukunia alavyo nazi.

Nyanya zilikuwa zile ndefu, ngumu, zisizo na maji mengi. Alizikata ndogo ndogo, akazitia chumvi, akaziweka kwenye kung'uto la kuchujia zilie maji mapema, zisije zikalia mbele ya wageni. Kisha akatoka akakata rihani.

Bi Mgeni alikuwa amekaa barazani. Alimwona mkwewe akipita na rihani, akamfuata jikoni, akamkuta na kisu.

"Rihani waitia kisu?"

"Nataka kuitia kwenye nyanya, mama."

"Kwenye nyanya." Bi Mgeni akakaa kitako. "Rihani ni ya kuvaa. Ni ya bibi harusi, ni ya kikuba cha kifuani, ni ya kutia chini ya mto. Wewe sasa utamlisha mtu mzima kikuba?"

"Wataliano huila."

"Wataliano. Wale hula konokono. Ukiishiwa na rihani utanichanjia udi?"

"Udi Sharif hakuutaja, mama."

Bi Mgeni akaenda kulala mchana wake, na ndipo Athman alipofika kutoka mjini na mafuta. Mafuta yaliyotakiwa yalikuwa ya zeituni, na Sharif alilisema hili kwa mkazo: bila zeituni, hiyo ni kachumbari iliyopanda juu ya mkate. Athman alitoa chupa kubwa, safi, ya rangi ya dhahabu, yenye picha ya hindi.

"Hii ni nini?"

"Mafuta. Mazuri. Hata Wazungu wanayanunua."

"Athman. Zeituni."

"Zeituni huuzwa kwa mkemia wa dawa, na mkemia Jumamosi hufunga mapema. Nimekuta komeo."

Hapo ieleweke kwamba katika nyumba zao zeituni haikuwa kitu cha jikoni. Ni dawa. Hupakwa mtoto mchanga, hutiwa sikioni, husuguliwa mgongoni. Na ikisomewa aya, hufanya na mengine. Juu ya kabati la Bi Mgeni zilikuwako chupa mbili za zeituni, sawa kwa sawa. Moja ilitiwa kafuri, kwa ajili ya magoti yake. Nyingine ilikuwa imepelekwa Ngara kwa Maalim Idarus, mwalimu wa chuo cha Kurani, akaisomea jioni nzima kwa nia mahususi: kwamba Athman, asubuhi ya usaili, apake nyusi zake na kiganja cha mkono wa kulia, na nyoyo za wakubwa zilainike.

Mwanasiti aliingia kwa kunyata. Bi Mgeni alikuwa akikoroma kidogo. Akafungua chupa ya kwanza, akanusa, akaifunga upesi. Akafungua ya pili. Ilinuka vile vile ilivyonuka kwa Sharif.

Alisimama nayo kitambo. Mafuta yale yalisomewa ili nyoyo za wakubwa zilainike, na mkubwa mwenyewe alikuwa njiani kutoka Kinoo. Kuyapaka kwenye nyusi za Athman, ukiangalia sana, ilikuwa ni kuuzunguka mbuyu. Akayachukua. Akabakisha kidogo sana kwa heshima, na ili chupa isionekane tupu aliijaza tena kutoka kwenye chupa ya magoti. Mafuta ya hindi yangekuwa salama zaidi, lakini rangi yake ingemsema. Kafuri alidhani itapotea, kama harufu ipoteavyo.

Wageni walifika jioni kabla ya jua kuzama. Bwana Mungai alivaa lile koti la Roma. Bi Nyakio alileta maziwa ya Kinoo kwenye chupa, akamwamkia Bi Mgeni kwa mikono miwili, na Bi Mgeni akamridhia papo hapo. Sinia ikaletwa: vipande vya mkate vimepangwa, nyanya zimemeta mafuta, rihani imenyunyizwa juu.

Bwana Mungai akafumba macho akakiombea chakula, na kwa kuwa alikuwa mzee wa kanisa hakuomba kwa haraka. Hivyo mafuta yale yaliombewa mara mbili, na dini mbili, na hakuna upande uliolalamika. Kisha akachukua kipande, akala. Akachukua kingine.

"Ni hii," akasema mwishowe. "Ni hii yenyewe."

Nyakio naye akaonja, akatafuna, akamgeukia mumewe. "Kumbe ni hii tu? Gerishon, wewe umenisumbua miaka yote hiyo kwa sababu ya kachumbari?"

"Kachumbari haina hii mafuta."

"Na hii majani je? Inanuka kama sabuni ya wageni."

"Hapo umesema kweli, mwanangu," akasema Bi Mgeni.

"Lakini ni tamu," akasema Nyakio, akachukua viwili.

"Huko Roma," akasema Bwana Mungai, "walikuwa wanaleta hii mbele ya chakula. Mimi siku ya kwanza nikafikiria ndiyo chakula. Nikakula yote. Halafu wakaleta ingine, na ingine. Nikaona hawa watu watatuua." Akafuta kidole. "Bibi ya Athman, hii mafuta umetoa wapi? Mimi nimetafuta huku mjini nikachoka."

"Ngara, mzee," akasema Mwanasiti.

"Ngara kuna Mtaliano?"

"Kuna maalim."

Athman akakohoa.

"Maalim ana duka?"

"Ana chuo."

Bwana Mungai akacheka sana, akidhani ni mzaha wa pwani, na Bi Mgeni akageuza uso polepole kumtazama mkwewe. Lakini wageni walikuwapo, na mtu wa Lamu hagombi mbele ya mgeni. Baada ya hapo alikwenda akatazama juu ya kabati, akaziona chupa mbili, ya Maalim imejaa, akajiona ana dhana mbaya.

Usaili ulikuwa Jumanne. Athman aliamka alfajiri, akaswali, akajifungia msalani na chupa ya Maalim Idarus. Aliona harufu yake ni kali, akadhani ndivyo ziwavyo aya nyingi. Akapaka nyusi, akapaka kiganja, na kwa kuwa jambo lilikuwa kubwa akarudia nyusi. Kisha akavaa suti ya sufu, akatoka, na jua la Nairobi asubuhi ile halikuwa na haraka ya kupoa.

Alipokaa mbele ya baraza, jasho lilikuwa limeanza kushuka na kafuri yake. Mwenyekiti alimwuliza faili lililokwisha kushughulikiwa huwekwa wapi. Athman, ambaye mafaili yale aliyajua kama vidole vyake, alifungua kinywa, na machozi yakamtoka. Akajibu. Jibu lilikuwa sahihi. Machozi yakaongezeka.

"Bwana Athman, una msiba?" akauliza mwenyekiti.

"Sina, bwana."

"Unaweza kurudi siku nyingine."

"Naweza kuendelea," akasema Athman, akajifuta kwa kiganja cha mkono wa kulia. Hapo macho yakafunga kabisa.

Katika wajumbe alikuwamo mtu mmoja wa Mombasa. Harufu ya kafuri, kwa watu wa huko, haina maelezo mengi: ndiyo wanayomtilia maiti kabla ya kumvika sanda. Mjumbe yule aliinamisha kichwa akasoma kimyakimya ile aya isomwayo kwa wafiwa, kisha akamnong'oneza mwenyekiti kwamba bwana huyu ametoka kuosha maiti wake na hapendi kusema. Baraza likamwonea huruma, na Bwana Mungai zaidi. Lilimfupishia maswali, likamshika mkono, likamwambia Mungu atampa subira. Baada yake aliingia Nzula, na macho makavu, akaeleza utunzaji wa kumbukumbu mwanzo hadi mwisho.

Athman aliporudi nyumbani, Bi Mgeni alikuwa wa kwanza kumpokea mlangoni. Akanusa.

"Nani amekufa?"

"Hakuna," akasema Athman. "Labda mimi."

Mwanasiti alisikia kutoka jikoni. Hakungoja kuulizwa. Alitoka na kanga yake ya mapishi, akaeleza yote kwa mpango: hindi, komeo la mkemia, chupa, rangi, magoti. Athman alimsikiliza kwa jicho moja, lile lililokuwa limekwisha kufunguka.

"Kwa hiyo dua ya Maalim Idarus," akasema, "aliila Bwana Mungai."

"Na mkewe," akasema Mwanasiti. "Nyakio alikula vingi."

"Na mimi nikaenda kwa wakubwa na dawa ya magoti."

"Magoti yangu hayajalia hata siku moja," akasema Bi Mgeni. "Dua haipotei, mwanangu. Hufika inakotumwa au hufika ilikopitia. Lakini huyu mkeo, rihani kaila, zeituni kaila. Fichani manukato yenu."

Nzula alithibitishwa kuwa mkuu wa masijala wiki iliyofuata. Athman alikuwa wa kwanza kumpa mkono, kisha akarudi meza ya pili. Ofisini hakuna aliyeona jambo la kustaajabisha. Nyumbani Mwanasiti alianza kufunga vyombo. Alivifunga taratibu, sahani moja moja kwenye gazeti, na jiko aliliacha mwisho. Kwa mumewe hakusema neno la lawama, kwa sababu kosa lilikuwa lao wote wawili; na mume vile vile. Mwenye nyumba wa Ngara alikuwa amekwisha kusema vyumba viko wazi, na jiko liko pale pale.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi gari la Bwana Mungai liliingia uani. Alishuka peke yake na kikapu cha nyanya za shamba lake, ndefu, ngumu, na boflo amelikumbatia kwapani. Akayaona masanduku barazani.

"Munasafiri?"

"Tunahama, mzee," akasema Mwanasiti.

"Munahama kwenda wapi?"

"Tunarudi Ngara. Nyumba ni ya cheo, na cheo amekipata Bwana Nzula."

"Nani amesema?"

Mwanasiti alisita. Si adabu kumwambia mkubwa jambo lake mwenyewe. "Waraka," akasema.

Bwana Mungai akaweka kikapu chini. Akaingia jikoni bila ya kukaribishwa, akatazama bomba, akatazama dirisha, akatoka kwa mlango wa nyuma akasimama mbele ya madebe.

"Huko Ngara muko na mahali ya kuweka hii majani?"

"Hakuna, mzee. Ni orofani."

"Na hii jiko ya makaa?"

"Tutachomea ujiani, lakini majirani watalalamika moshi. Na mkate wenyewe wataomba."

"Wataomba," akakubali Bwana Mungai. Ilionekana jambo hili linamsumbua. Akakaa juu ya sanduku la sahani, Athman akamletea kiti, mzee akakikataa, na kwa kitambo wote watatu wakatazama kikapu cha nyanya.

"Ile waraka ni mzuri," akasema Bwana Mungai. "Mimi mwenyewe niliisoma kabla ya kuweka saini. Lakini waraka ya serikali si gazeti. Lazima isomwe polepole." Akamgeukia Mwanasiti. "Mafuta imebaki?"

"Yamebaki ya mkemia, mzee. Hayajasomewa."

"Ile ya maalim ndiyo ilikuwa nzuri."

"Tutampelekea ayasomee," akasema Bi Mgeni kutoka ndani.

Masanduku yalifunguliwa Jumapili. Waraka ulikaa ubaoni mpaka jua likaula maandishi, na hakuna aliyeutoa, kwa kuwa ulikuwa bado una nguvu. Athman alistaafu mwaka 1978, karani wa meza ya pili, na siku ya kuagwa alitoka Kileleshwa. Nzula, mkuu wa masijala, aliendelea kukaa Ngara. Alisifiwa kwa kuwahi kazini kuliko wote, maana Ngara ni karibu na mjini, mtu hufika kwa miguu.